Kuzima na kuwasha upya kompyuta iliyo angani: Jinsi darubini ya Hubble ilivyorudishwa kazini mwaka 2021

Simu ikiganda, dawa yake inajulikana na kila mtu: izime, subiri kidogo, iwashe tena. Mara nyingi inapona. Lakini itakuwaje pale kompyuta iliyoganda ipo zaidi ya kilomita 500 juu ya vichwa vyetu, inazunguka dunia kwa kasi ya kilomita 27,000 kwa saa, na hakuna fundi anayeweza kupanda kuifikia?

Swali hilo liliwakabili wahandisi wa Shirika la Anga za Juu la Marekani, NASA, Jumapili ya Juni 13, 2021. Ilikuwa muda mfupi baada ya saa kumi jioni katika jimbo la Maryland, ambako darubini ya anga ya Hubble inaendeshwa. Kwetu Afrika Mashariki ilikuwa imeshapita saa tano usiku. Kompyuta moja ndani ya darubini hiyo ilisimama ghafla, na vyombo vyote vya kisayansi vikasimama nayo. Ilichukua zaidi ya mwezi mzima kuviamsha.

Tunaeleza hapa kilichotokea, kwa sababu kisa hiki kinaonyesha vizuri kuliko vingi namna kompyuta za darubini zinavyofikiwa kutoka mbali, na kwa nini kuziwasha upya si jambo la kubonyeza kitufe kimoja.

Kompyuta mbili, kazi mbili

Hubble ilirushwa Aprili 24, 1990, ikiwa ndani ya chombo cha Discovery. Ina kioo chenye kipenyo cha mita 2.4 na huzunguka dunia mara moja kila baada ya dakika 95 hivi. Ndani yake kuna kompyuta kadhaa, lakini kwa habari hii tunahitaji kuzijua mbili.

Ya kwanza ni kompyuta kuu. Hiyo ndiyo inayoiendesha darubini yenyewe: inaelekea wapi, paneli za jua zinapata mwanga, betri zina chaji kiasi gani. Kompyuta kuu ya awali ilibadilishwa na wanaanga Desemba 1999, na iliyowekwa badala yake ilijengwa juu ya prosesa ya Intel 80486. Wasomaji waliojifunza kompyuta katika miaka ya 1990 watalikumbuka jina hilo. Ndiyo, ni prosesa ya aina ile ile iliyokuwa kwenye kompyuta za mezani za wakati huo.

Ya pili ni kompyuta ya vyombo vya kisayansi, na ndiyo iliyoganda. Kazi yake ni kuviamuru vyombo hivyo, yaani kamera na vifaa vya kuchambua mwanga, na kuangalia muda wote kama vina afya. Mfumo wake ni wa zamani zaidi: ulijengwa miaka ya 1980. Moduli moja ya kumbukumbu yake ina nafasi ya 64K tu. Picha moja uliyopiga kwa simu yako leo asubuhi isingeenea humo.

Msomaji anaweza kushangaa kwa nini mtambo wa gharama kubwa namna ile unatumia kompyuta iliyopitwa hivyo. Anga ni mahali pabaya kwa vifaa vya elektroniki. Chembe zenye nguvu kubwa kutoka kwenye jua na kwingineko hupenya ndani ya mitambo na zinaweza kugeuza taarifa iliyohifadhiwa, ikiwa sifuri ikasomeka moja. Katika mzunguko wake Hubble hupita mara kwa mara juu ya eneo la Atlantiki ya Kusini ambako ngao ya sumaku ya dunia ni dhaifu, na huko vyombo vyake husitisha uchunguzi hadi darubini itoke upande wa pili. Vijenzi vya zamani, ambavyo sehemu zake ni kubwa kuliko za leo, huvumilia zaidi misukosuko ya aina hii. Isitoshe, anayejenga mtambo wa kwenda angani huchagua kifaa kilichokwisha kuthibitishwa miaka mingi kabla ya siku ya kurushwa.

Kompyuta hizi mbili husalimiana bila kukoma. Ile ya vyombo hutuma ishara ya kusema "nipo hai", na kompyuta kuu huisikiliza. Ni kama hodi na karibu: ukibisha na usijibiwe, unajua kuna jambo ndani. Jioni ile ya Juni 13 ishara ilikatika. Kompyuta kuu, bila kumsubiri binadamu, ikaviweka vyombo vyote katika hali ya usalama. Maana yake viliacha kuchunguza na kutulia mahali ambapo haviwezi kujidhuru, huku darubini yenyewe ikiendelea kuzunguka salama.

Amri hufikaje huko?

Kituo cha kuiongoza Hubble kipo katika Kituo cha Goddard cha NASA, mji wa Greenbelt, Maryland. Ratiba ya uchunguzi, nyota gani itazamwe na kwa muda gani, hupangwa katika taasisi nyingine iliyo Baltimore katika jimbo hilo hilo. Amri hazirushwi moja kwa moja kutoka hapo hadi kwenye darubini. Hupitia kituo cha ardhini kilichoko New Mexico, zikapanda hadi kwenye setilaiti za mawasiliano zilizo umbali wa kama kilomita 36,000 juu ya dunia, kisha zikashuka hadi Hubble. Majibu hurudi kwa njia hiyo hiyo.

Kwa umbali huo, amri na jibu huchukua muda mfupi sana, chini ya sekunde chache. Ni nafuu kubwa. Darubini mpya ya James Webb iko kilomita milioni 1.5 kutoka hapa, na ishara hutumia sekunde tano hivi kufika. Kwa chombo cha Voyager 1, kilichotoka kabisa kwenye eneo la jua letu, wahandisi hungoja zaidi ya saa 22 amri ifike, na muda kama huo tena kujua imepokelewaje.

Kwa hiyo kikwazo cha Hubble hakikuwa umbali. Kikwazo kilikuwa kwamba mhandisi haoni wala hagusi kitu. Anachopata ni namba: volti, joto, ishara ya makosa. Kutokana na namba hizo lazima akisie kinachoendelea ndani ya boksi ambalo halijafunguliwa na mtu tangu lilipofungwa huko juu.

Mtego wa kumbukumbu

Siku ya pili, Juni 14, walifanya kile ambacho sote tungefanya. Walijaribu kuiwasha upya kompyuta. Haikuwaka.

Dalili za mwanzo zilionyesha kwamba moduli ya kumbukumbu inachakaa. Hilo halikuwatia hofu sana, kwa sababu kompyuta ile ina moduli nne na hutumia moja tu kwa wakati. Tatu zilizobaki ni akiba. Juni 16 wakatuma amri ya kuhamia kwenye moduli ya akiba. Amri haikukamilika. Siku iliyofuata wakajaribu tena, ile ya mwanzo na ile ya akiba. Zote zilikataa.

Hapo picha ilianza kubadilika. Moduli moja kuharibika ni jambo la kawaida kwa mtambo wa umri ule. Kadhaa kuharibika kwa pamoja, usiku mmoja, ni jambo la kutiliwa shaka. Ikawa lazima wafikirie kwamba kumbukumbu hazina kosa, ila kuna kitu kingine kinachozifanya zionekane mbovu. Shaka ikahamia kwenye prosesa na kwenye kiungo kinachoiunganisha na sehemu nyingine.

Nayo prosesa ina mwenzake. Hubble ilibebeshwa kompyuta mbili za vyombo, moja ikifanya kazi na nyingine ikiwa imelala. Juni 23 na 24 wahandisi wakaiamsha ile iliyolala. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuwashwa angani tangu wanaanga walipoiweka mwaka 2009. Wakaijaribu pamoja na moduli tofauti za kumbukumbu. Makosa yalikuwa yale yale.

Kwa maoni yetu hii ndiyo sehemu tamu zaidi ya kisa chote, ingawa kwa waliokuwa kazini lazima ilikuwa chungu. Kompyuta mbili tofauti kuharibika kwa namna moja, wakati mmoja, haiingii akilini. Balbu ya sebuleni isipowaka unabadilisha balbu. Mpya nayo isipowaka, hubadilishi ya tatu. Unaenda kutazama swichi, waya, na huko kwetu pengine umeme wenyewe kama LUKU haijaisha. Kompyuta zote mbili za Hubble zilikuwa zinategemea vitu vilevile viwili au vitatu vilivyo pembeni mwake, na huko ndiko uchunguzi ukahamia.

Mlinzi aliyekataa kufungua

Kompyuta ya vyombo haiko peke yake. Imo ndani ya mtambo mkubwa zaidi unaopokea amri na kupanga data za sayansi kabla hazijatumwa duniani. Katika mtambo huo kuna sehemu ya kugawa umeme. Kazi yake ni kuipa kompyuta na kumbukumbu zake umeme wa volti 5 usiopanda wala kushuka. Volti 5, kwa kulinganisha, ndizo zinazotoka kwenye chaja ya kawaida ya simu.

Sehemu hiyo ina mlinzi wake. Ni sakiti inayoupima umeme muda wote. Umeme ukizidi kipimo au ukipungua chini yake, sakiti huiambia kompyuta isimame ili isiungue.

Wasomaji wengi wana kifaa cha aina hii nyumbani bila kukiwaza. Ni kile cha kulinda friji kinachochomekwa kwenye soketi. Umeme ukicheza, hukata. Ukitulia, huhesabu dakika chache, kisha huruhusu. Sasa chukulia kifaa hicho kimezeeka, kikakwama kwenye kukata. Friji ni nzima, umeme wa ukutani ni mzima, lakini friji haiwaki, na fundi atakayeanza kulifungua friji atapoteza siku nzima.

Hapo ndipo wahandisi wa Hubble walipofika katikati ya Julai. Ama kidhibiti cha umeme kilikuwa kinatoa volti zisizofaa, ama mlinzi wake alikuwa amechoka na kubaki amekata. Walituma amri za kukirejesha katika hali ya kawaida. Hazikufua dafu. Julai 14 NASA ilitangaza kwamba chanzo kinachoelekea zaidi ni hicho, na kwamba njia iliyobaki ni kuuhama upande wote wa mtambo ule na kwenda upande wa akiba, wenye kigawa umeme chake na sehemu yake ya kupanga data.

Kwa nini hawakuhama mapema?

Kama upande wa akiba ulikuwepo, kwa nini kusubiri mwezi? Swali ni la haki.

Kuhama upande si kama kuchomoa plagi na kuichomeka pembeni. Mtambo ule umeunganishwa na maboksi mengine ya darubini, na kila boksi lazima nalo lielekezwe kwenye njia yake ya pili. Amri moja ikitangulia isipostahili, unaweza kukiwasha kifaa ambacho hakijaandaliwa, au ukapoteza mawasiliano na sehemu uliyoihitaji. Na ukikosea hakuna wa kupanda. Vyombo vya aina ya Discovery vilivyokuwa vikipeleka mafundi vilistaafu Julai 2011.

Kwa hiyo taratibu ziliandikwa, zikafanyiwa majaribio kwenye mitambo ya kuigiza iliyopo ardhini, zikapitiwa na watu wengine, zikarekebishwa. Zaidi ya watu 50 walishiriki. Wengine walikuwa wastaafu walioijenga au kuiendesha Hubble miaka ya nyuma, waliorudi kusaidia kwa sababu maelezo ya baadhi ya sakiti yalikuwa kwenye nyaraka za miongo mitatu na zaidi iliyopita. Nzinga Tull, mhandisi wa Goddard aliyekuwa na jukumu la kusimamia kikosi cha kushughulikia hitilafu za Hubble, alikuwa na kazi ya kuunganisha kumbukumbu za wazee hao na kazi ya vijana walioketi mbele ya skrini.

Hakuwa peke yake katika historia ya darubini hii kukabiliwa na jambo hilo. Septemba 27, 2008, sehemu ya kupanga data katika mtambo wa awali ilikufa baada ya kufanya kazi miaka 18. Oktoba 15 mwaka huo wahandisi walianza kuhamia upande wa pili, ambao haukuwa umewashwa tangu kabla ya darubini kurushwa. Kazi ilikatishwa siku iliyofuata kwa hitilafu mpya, wakatulia, wakachunguza, na kabla mwezi haujaisha Hubble ilikuwa inapiga picha tena.

Bahati ya mwaka ule ilikuwa ya ajabu. Safari ya mwisho ya mafundi ilikuwa imepangwa kuondoka Oktoba 2008, wiki chache tu baada ya hitilafu. Ikaahirishwa ili kipuri kitayarishwe. Chombo cha Atlantis kiliondoka Mei 11, 2009, na siku tatu baadaye wanaanga John Grunsfeld na Andrew Feustel walitoka nje, wakauchomoa mtambo wa zamani na kuweka mwingine. Huo waliouweka ndio uliokuja kukwama mwaka 2021, na safari hii hapakuwa na Atlantis.

Usiku wa kuhama

Kazi ilianza Alhamisi, Julai 15. Hatua kwa hatua upande wa akiba ulipewa umeme, kompyuta yake ikawashwa, na programu zikapakiwa kutoka ardhini. Ilipofika saa tano na nusu usiku kwa saa za Maryland, yaani saa kumi na mbili na nusu asubuhi ya Ijumaa kwetu, kikosi kilikuwa kimejiridhisha kwamba kuhama kumefaulu. Ile ishara ya "nipo hai" ilisikika tena.

Hata hivyo vyombo vyenyewe havikuamshwa kwa mkupuo. Kila kimoja kilitolewa kwenye hali ya usalama kwa zamu yake, kikapimwa. Jumamosi, Julai 17, Hubble ilianza tena kukusanya data za sayansi. Miongoni mwa picha za kwanza zilizotolewa kulikuwa na galaksi mbili zinazovutana, na galaksi nyingine ya mzunguko yenye mikono mitatu, jambo lisilo la kawaida kwa sababu nyingi za aina hiyo huwa na mikono miwili au minne.

Furaha haikudumu sana. Oktoba 25 mwaka huo huo vyombo viliingia tena katika hali ya usalama, safari hii kwa sababu ya ujumbe wa kuoanisha muda uliopotea njiani. Virudishwe vyote, mwanzo wa Desemba ulikuwa umefika. Wahandisi walibadilisha programu za vyombo ili visisimame kwa kukosa ujumbe mmoja au michache. Huo nao ni utabibu wa namna yake: badala ya kutengeneza kinachopoteza ujumbe, unamfundisha mpokeaji asiwe na haraka ya kukata tamaa.

Na darubini za ardhini?

Huko mambo ni rahisi kiasi, kwani mtu anaweza kuufikia mtambo kwa gari. Lakini si mara zote anataka kufika. Darubini ya redio ya ALMA nchini Chile ina antena 66 kwenye nyanda za jangwa la Atacama, kama mita 5,000 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyembamba mno. Waendeshaji wake hukaa kituo cha chini zaidi na kuzifikia kompyuta kwa mtandao. Njia hiyo ya mtandao ndiyo iliyowatia matatani Oktoba 29, 2022, mfumo wao wa kompyuta uliposhambuliwa na wadukuzi. Antena na data za sayansi hazikuguswa, lakini uchunguzi ulisimama kwa karibu wiki saba huku kompyuta zikisafishwa na kuwashwa upya moja baada ya nyingine.

Hubble ilipo leo

Tangu Julai 2021 Hubble inategemea upande wa akiba. Upande wa kwanza bado upo, pamoja na kile kigawa umeme kinachoshukiwa. Kwa maneno mengine, darubini imeshatumia akiba yake kuu katika sehemu hiyo. Juni 2024 ilipoteza nafuu nyingine: jairoskopu, vifaa vinavyoipa hisia ya inageuka upande gani, zilikuwa zimebaki tatu kati ya sita zilizowekwa mwaka 2009, na moja kati ya hizo ikawa inatoa vipimo visivyoaminika. NASA ikaamua kuiendesha darubini kwa jairoskopu moja, na nyingine kuiweka pembeni kwa siku za mbele. Inachelewa kidogo kugeuka kutoka lengo moja hadi jingine, lakini inafanya kazi.

Kwa wasomaji wetu wa Afrika Mashariki kuna jambo moja la kufurahisha. Njia ya Hubble huelea kati ya nyuzi 28.5 kaskazini na nyuzi 28.5 kusini mwa ikweta. Watu wa London hawaioni kabisa. Sisi tunaweza. Baadhi ya siku, muda mfupi baada ya jua kuzama au kabla halijachomoza, anga ikiwa safi, huonekana kwa macho matupu ikipita kama nyota isiyometameta, ikienda taratibu kutoka upande wa magharibi kuelekea mashariki kwa dakika chache, kisha ikazimika ghafla inapoingia kwenye kivuli cha dunia.